Naenda TRA Jumanne kufanyiwa makadirio ya duka: nibebe nini, nijiandae vipi?

fremu_mbagala

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Naomba muongozo kwa wanaoijua kazi hii.

Nina duka la vyombo vya plastiki na vifaa vya usafi Mbagala. Fremu ni ya kupanga, 100,000 kwa mwezi, na mwaka mzima umeshalipwa kwa mkupuo. Duka lilifunguliwa Januari mwaka huu. TIN (namba ya mlipa kodi) ninayo tangu zamani, ile iliyochukuliwa kwa ajili ya leseni ya udereva. Sasa nimepangiwa kufika ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, Jumanne saa tatu asubuhi kwa makadirio ya kodi, ndipo niendelee na leseni ya biashara manispaa.

Nataka kujua karatasi gani zinahitajika, afisa anakokotoaje hiyo kodi, na nikiona kiasi ni kikubwa nafanyaje. Jumanne ni karibu, nina siku nne tu.

---

Leja_Nyeusi

Anza na TIN kabla ya karatasi nyingine yoyote, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza asubuhi nzima.

TIN ya leseni ya udereva imesajiliwa kama isiyo ya biashara. Usifungue nyingine, na mtu wa steshenari akikwambia "tutengeneze mpya" mkatalie. Mtu mmoja ana TIN moja. Kinachofanyika ni kubadilisha taarifa za ile ile iwe ya biashara: unaingiza aina ya biashara, mahali ilipo na tarehe uliyoanza. Kazi hiyo haina ada, na TIN yenyewe hutolewa bure.

Kagua mambo matatu leo hii. La kwanza ni namba ya simu iliyoandikishwa kwenye TIN. Kama ni laini uliyoipoteza, ujumbe wenye namba za uthibitisho utakwenda huko na hutaingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni. La pili ni barua pepe. TIN nyingi zilifunguliwa steshenari kwa barua pepe ya mhudumu mwenyewe, kwa hiyo taarifa zote za kodi zinaishia kwake. La tatu ni mkoa wa kikodi. Kama TIN ilifunguliwa Mwanza au Tanga, faili lako liko huko, na ofisi ya hapa haiwezi kukukadiria hadi uhamishwe. Ukiona mojawapo halipo sawa, peleka kitambulisho cha NIDA na uombe marekebisho mwanzoni kabisa, usisubiri hadi katikati ya mahojiano.

Karatasi zenyewe si nyingi. Beba kila moja halisi na nakala mbili:

Kitambulisho cha Taifa, au namba ya NIDA kama kadi haijatoka. Jina lilingane na la TIN herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" kwenye mfumo ni watu wawili.

Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, yenye muhuri, ikitaja jina lako, aina ya biashara na mtaa ilipo fremu. Angalizo: mtaa ulipo duka, si unapolala. Watu huchukua barua nyumbani Kigamboni wakati duka liko Mbagala, halafu wanashangaa kurudishwa.

Mkataba wa pango uliosainiwa na pande zote mbili. Kuhusu huu kuna mengi, nadhani wengine watafafanua.

Kama umesajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, cheti chake. Kama hujasajili, unaweza kukadiriwa kwa jina lako mwenyewe.

Halafu kuna fungu la pili ambalo halimo kwenye orodha ya mlangoni lakini ndilo linaloamua utalipa kiasi gani: daftari la mauzo ya kila siku, risiti za manunuzi, na taarifa ya miamala ya benki au ya simu. Usipokuwa na hivyo, afisa analazimika kukisia, na akikisia ataangalia ukubwa wa fremu, mali iliyopo rafuni na maduka ya jirani yako. Makisio ya namna hiyo mara chache humwangukia mfanyabiashara vizuri.

---

Asilimia_Tatu

Nichukue swali la pili, la ukokotoaji.

Mkazi binafsi ambaye kipato chake ni cha biashara tu, na mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100, hukadiriwa kwa mfumo wa mauzo ghafi. Hatengenezewi hesabu za mkaguzi. Jedwali lina safu mbili, ya mwenye kumbukumbu na ya asiye na kumbukumbu, na hapo ndipo daftari linapogeuka fedha:

Mauzo hadi 4,000,000 kwa mwaka: hakuna kodi.

Zaidi ya 4,000,000 hadi 7,000,000: bila kumbukumbu 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4.

Zaidi ya 7,000,000 hadi 11,000,000: bila kumbukumbu 250,000. Ukiwa na kumbukumbu, 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Zaidi ya 11,000,000 hadi 100,000,000: asilimia 3.5 ya mauzo. Ukifika hapa unatakiwa pia uwe na mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti.

Bunge huweza kugusa viwango hivi kwenye Sheria ya Fedha kila Juni, na mabadiliko huanza Julai 1. Kwa hiyo fungua tovuti ya TRA, pakua jedwali la mwaka husika, lichapishe uende nalo.

Sasa hesabu ya mfano. Duka linauza 30,000 kwa siku na hufunguliwa siku 26 kwa mwezi. 30,000 mara 26 ni 780,000. Mara miezi 12 ni 9,360,000. Mwenye daftari atalipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya 2,360,000, ambayo ni 70,800. Jumla 160,800 kwa mwaka. Asiye na daftari, kwa mauzo yale yale, atalipa 250,000. Tofauti ni 89,200, na daftari la kaunta linauzwa shilingi elfu chache.

Ila hatari kubwa zaidi haiko hapo. Tuseme huna cha kuonyesha, na afisa akaona duka lako linaweza kuuza 40,000 kwa siku, akazidisha kwa siku 30 badala ya 26. 40,000 mara 30 mara 12 ni 14,400,000. Umeshavuka milioni 11. Kodi ni asilimia 3.5 ya hiyo, yaani 504,000, na juu yake unaambiwa ununue mashine. Shilingi elfu kumi ya kukisia na siku nne za Jumapili zimeizidisha kodi zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana nasema namba ya kwanza kuipigania ni ya siku unazofungua duka. Kodi yenyewe inafuata baadaye, ni kuzidisha tu.

Malipo hugawanywa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Kwa 160,800 ni 40,200 kila awamu. Ukichelewa, riba inaanza kuhesabika.

---

fremu_mbagala

Asanteni sana, hapa nimeshapata mwanga. Hiyo 30,000 kwa siku ndiyo mauzo yenyewe hasa, na Jumapili duka halifunguliwi. Lakini faida ni kama 7,500 tu kwa siku. Sasa si nitaje faida, maana ndiyo kipato? Halafu wateja wengi wanalipa kwa Lipa Namba, na laini hiyo hiyo inapokea fedha za kikoba na za ndugu. Nipeleke taarifa yake au niiache?

---

Asilimia_Tatu

Hapana, usitaje faida. Mfumo huu unatoza mauzo ghafi, yaani kila kilichoingia kutoka kwa mteja kabla hujatoa gharama ya bidhaa, pango au umeme. Ukiulizwa "unauza kiasi gani kwa siku" ukajibu "elfu saba na mia tano", umetoa taarifa isiyo ya kweli hata kama nia yako ni njema. Na itagunduliwa kwa haraka: 7,500 mara 26 ni 195,000 kwa mwezi. Kama hayo ndiyo mauzo yote, ukitoa pango la 100,000 inabaki 95,000 ya kununulia bidhaa, na hakuna duka la vyombo linaloendeshwa kwa fedha hiyo. Afisa akishaona namba ya kwanza haisimami, hata za kweli zinazofuata hatazipa uzito.

Hata ukitaja mauzo sahihi, jiandae kwa swali linalofanana na hilo: faida 195,000, pango 100,000, unaishi kwa nini? Kama jibu ni kwamba duka lina miezi mitatu na bado linajijenga, au nyumba ina kipato kingine kama mshahara wa mwenza, sema hivyo. Na kama ukikaa na daftari ukagundua wastani ni 36,000 na si 30,000, taja 36,000. Kwa siku 26 na miezi 12 hiyo ni 11,232,000, nawe unajua mapema kwamba umevuka mstari wa mashine, huendi kushtukizwa kaunta.

Kuhusu Lipa Namba: nenda na taarifa, lakini usiikabidhi ikiwa mbichi. Chapisha ya tangu Januari. Kila muamala usio wa mauzo uandikie pembeni kwa kalamu: mgao wa kikoba, mkopo, fedha yako mwenyewe uliyoihamisha kutoka benki, ya ndugu. Mwisho wa kila mwezi andika jumla mbili, ya mauzo na ya visivyo mauzo. Ukimpa afisa karatasi isiyo na alama, atachukua jumla ya vilivyoingia na kuihesabu yote kuwa mauzo, na huna cha kumjibu kwa sababu karatasi ni yako. Kwa mgao wa kikoba beba daftari la kikoba lenye tarehe ile ile, linatosha.

Baada ya hapo tenganisha laini. Ya duka iwe ya duka.

---

Mpangaji_Halali

Kuhusu mkataba wa pango, hapa kuna malipo mawili ambayo huwakuta watu kaunta hawajajiandaa nayo.

Moja ni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Pango lako ni 1,200,000, kwa hiyo ushuru ni 12,000.

La pili ni kodi ya zuio ya pango, asilimia 10. Kwako ni 120,000. Hii haitoki mfukoni mwa mpangaji: ni kodi ya mwenye fremu, ila sheria inamtaka mpangaji mfanyabiashara aizuie wakati wa kumlipa na kuipeleka TRA. Utaratibu sahihi ulikuwa umlipe mwenye fremu 1,080,000, na ile 120,000 uipeleke ndani ya siku 7 baada ya kuisha mwezi uliomlipa, kisha umpatie cheti cha zuio kama uthibitisho kwamba kodi yake imelipwa.

Wewe umeshalipa yote kwa mkupuo. Maana yake TRA itakudai wewe ile 120,000, kwa sababu wajibu wa kuzuia ulikuwa wako. Nenda kaongee na mwenye fremu kabla ya Jumanne. Mweleze kwamba ni kodi ya mapato yake, atapewa cheti, na mnaweza kukubaliana muikate kwenye pango la mwaka ujao. Muandikishiane, msaini wote wawili. Mazungumzo haya ni magumu zaidi ukiyafanya baada ya kulipa.

Mkataba wenyewe uwe na majina kamili ya pande zote, TIN ya mwenye fremu, mahali fremu ilipo, kiasi cha pango, na tarehe ya kuanza na kuisha. Mikataba mingi ya mtaani haina TIN ya mwenye nyumba, na bila hiyo cheti cha zuio hakiwezi kutoka kwa jina lake. Kuna wanaoandika pango pungufu kwenye mkataba ili kodi ishuke. Usikubali kusaini karatasi hiyo. Siku mkigombana, wewe ndiye utakayebaki na mkataba unaosema umelipa nusu ya ulicholipa.

Na usifiche tarehe ya kuanza biashara. Sheria inataka mtu ajisajili ndani ya siku 15 tangu aanze, na wewe umechelewa. Lakini mkataba unasema Januari. Ukisema umeanza wiki iliyopita, karatasi yako mwenyewe inakukanusha.

---

kibanda_cha_uwakala

Samahani kwa kudandia. Mwenye duka kama hilo lakini ana uwakala wa fedha za simu pembeni, muamala wote unahesabiwa mauzo? Na mtu mwenye steshenari anayefundisha tuisheni jioni yuko kundi lipi?

---

Leja_Nyeusi

Uwakala: mauzo yako ni kamisheni peke yake. Floti inayoingia na kutoka ni fedha za wateja. Mtu anaweza kuzungusha milioni 200 kwa mwaka akapata kamisheni ya milioni 3. Peleka taarifa ya kamisheni ya kila mwezi kutoka kwa kampuni ya simu, iwe karatasi tofauti kabisa na ya duka, na uitenge kwa sauti pia: "hii ni kamisheni, hii ni floti." Ukileta taarifa moja iliyochanganyika, umejipalia makaa.

Tuisheni: mfumo wa mauzo ghafi hauwahusu wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za menejimenti, za ujenzi na za mafunzo. Wakili, mhasibu, mshauri, mkandarasi na mwenye kituo cha mafunzo wanatakiwa kuandaa hesabu hata kama mauzo ni madogo, na kodi yao inatokana na faida. Kwa hiyo huyo wa steshenari na tuisheni aende na kumbukumbu za mapato na matumizi yote, aseme tangu mwanzo kwamba ana shughuli mbili.

---

Saa_Tatu_Kamili

Naongezea siku yenyewe ya Jumanne, maana karatasi zinaweza kuwa sawa na bado mtu akaharibu.

Fika saa mbili. Mwanzoni mwa wiki na mwishoni mwa Machi foleni huwa ndefu, kwa sababu awamu ya kwanza inaisha tarehe 31. Simu iwe na chaji na ile laini iliyoandikishwa kwenye TIN iwe ndani ya simu hiyo, si nyumbani kwenye droo.

Maswali ya afisa hayabadiliki sana. Ulianza lini. Mtaji ulikuwa kiasi gani na umetoka wapi. Unanunua wapi, na kila baada ya siku ngapi. Siku nzuri unauza ngapi na siku mbaya ngapi. Unafungua siku ngapi kwa wiki. Una msaidizi, unamlipa ngapi. Una duka jingine. Kaa leo jioni uyajibu kwa maandishi, halafu uyalinganishe yenyewe kwa yenyewe. Swali la manunuzi ndilo linalowapasua wengi. Ukisema unauza 780,000 kwa mwezi kwa faida ya robo, basi unanunua bidhaa za takriban 585,000 kila mwezi. Ukisema pia kwamba unakwenda Kariakoo kila wiki kuchukua mzigo wa 400,000, hiyo ni 1,600,000 kwa mwezi, na bidhaa za 1,600,000 haziwezi kuleta mauzo ya 780,000. Afisa mzoefu hatakuuliza mauzo mara ya pili, atakuuliza manunuzi tu.

Msaidizi anayelipwa chini ya 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara, lakini mtaje.

Risiti za manunuzi zipange kwa tarehe, ziwe za EFD, zenye TIN yako na kiasi kile kile ulicholipa. Karatasi ya risiti hufifia: ipige picha na kutoa nakala mapema. Kumbukumbu zote za kodi unatakiwa uzitunze miaka 5.

Kabla ya kusaini fomu ya makadirio, soma mistari minne: jina na TIN, mwaka wa mapato, kiasi cha mauzo kilichoandikwa, na kama umewekwa kwenye safu ya mwenye kumbukumbu au asiye nazo. Huu wa mwisho watu hawausomi kabisa. Unaweza kuleta daftari zuri, likaangaliwa, na bado fomu ikajazwa safu ya bila kumbukumbu. Uliza kwa adabu: "Afisa, naomba nione mauzo mliyoandika na safu mliyonitumia." Sahihi yako maana yake umekubali.

Malipo yote yanapitia namba ya kumbukumbu, ile kontroo namba. Unaipokea, unalipa benki au kwa simu, mfumo unatoa stakabadhi. Hakuna afisa anayepokea fedha taslimu mkononi. Pale nje ya geti kuna vishoka wanaojiita washauri wa kodi. Mshauri wa kodi halali amesajiliwa na TRA, na unaweza kumuomba uthibitisho. Ukimtuma mtu badala yako, mpe barua ya uwakilishi yenye sahihi yako na nakala za vitambulisho vyenu wote wawili, lakini kwa makadirio ya kwanza ni bora uende mwenyewe. Hakuna anayejua mauzo ya duka lako kukuzidi.

Ukishalipa awamu ya kwanza, omba hati ya uthibitisho wa kodi inayohitajika kwenye leseni. Leseni ya biashara ya halmashauri huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa TAUSI, na jina la kwenye hati, kwenye TIN na kwenye maombi ya leseni lazima liwe moja.

---

Siku_Thelathini

Swali la mwisho la mleta mada, kiasi kikiwa kikubwa.

Hatua ya kwanza ni pale pale kaunta, kabla ya sahihi. Usibishane na kodi, bishana na mauzo. Sema: "Daftari langu la Januari hadi leo linaonyesha wastani wa 30,000, Jumapili nimefunga, hiyo 40,000 imetoka wapi?" Kama hamuelewani, omba kuonana na msimamizi wake, au omba afisa aje kuliona duka. Kuomba ukaguzi wa duka ni haki na mara nyingi humsaidia mwenye duka dogo.

Ikishindikana na ukapewa taarifa rasmi ya makadirio, andika juu yake tarehe uliyoipokea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 tangu siku hiyo kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna. Siku 30 za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Barua itaje TIN, namba na tarehe ya taarifa, kiasi unachopinga, kiasi unachokubali, sababu na vielelezo. "Kodi ni kubwa, biashara ni ngumu" si sababu. Sababu ni "mauzo yaliyotumika ni 14,400,000, kumbukumbu zilizoambatishwa zinaonyesha 9,360,000".

Pingamizi halipokelewi bila amana. Unalipa kile usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Kwa mfano wa Asilimia_Tatu: kodi 504,000, theluthi ni 168,000, unayoikubali ni 160,800. Kubwa ni 168,000, hiyo ndiyo utakayoweka. Kama una sababu ya msingi ya kushindwa, unaweza kumwomba Kamishna apunguze au asamehe amana, lakini ombi hilo nalo liandikwe mapema, usilipeleke siku ya 29.

Usiporidhika na uamuzi wa pingamizi, mbele yake kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, nako unatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30. Na kama tatizo lako si kiasi bali namna ulivyohudumiwa, mfano umezungushwa wiki tatu bila maelezo, hilo linapelekwa Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST.

Jambo moja linasahaulika: makadirio si msumari. Mauzo yakianguka katikati ya mwaka, au yakipanda, unaruhusiwa kupeleka makadirio yaliyorekebishwa. Duka likiungua au barabara ikifungwa miezi miwili, usikae kimya ukisubiri Desemba. Na ukifunga biashara kabisa, ijulishe TRA kwa maandishi. TIN ya biashara ikiachwa wazi inaendelea kukudai.

---

fremu_mbagala

Nimeelewa vizuri mno, Mungu awabariki. Limebaki moja. Daftari langu limejaa Januari na Februari. Machi ipo kwenye vipande vya karatasi na nyuma ya maboksi. Niandike upya lote liwe safi?

---

Leja_Nyeusi

Januari na Februari usiziguse. Daftari lenye wino tofauti, mikunjo na alama za mikono linaaminika. Daftari jipya lenye miezi mitatu kwa kalamu moja na mwandiko mmoja linaonekana limeandikwa usiku mmoja.

Machi ihamishie kwenye daftari lile lile kuanzia ukurasa unaofuata. Safu nne zinatosha: tarehe, taslimu, Lipa Namba, jumla. Vipande vya karatasi usitupe, vibane kwa stepla kwenye bahasha na uandike juu "Machi". Siku ambayo huna kipande chake, angalia Lipa Namba ya siku hiyo, jaza unachokiona, na safu ya taslimu iache wazi. Usibuni. Mapengo mawili matatu hayakuharibii kitu, ila namba ya kubuni ikigongana na taarifa ya simu, daftari zima litawekwa kando, nawe utarudi kwenye ile safu ya 250,000.

Jumlisha kila mwezi, gawanya kwa siku ulizofungua, andika wastani chini ya ukurasa. Hiyo namba ndiyo utakayoitaja Jumanne.